Marekebisho ya katiba ya Marekani: yasome kwa safu tatu

Unaposoma historia ya Marekani kuanzia Ujenzi Mpya (1865–1877, kipindi cha kuijenga upya nchi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe), usikariri marekebisho ya 13, 14 na 15 yakiwa peke yake. Chora safu tatu: haki iliyoandikwa, kilichoibana, kilichoirudisha. Mfano, ya 15: mwaka 1870 ni marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, 1890 katiba ya jimbo la Mississippi inaleta kodi ya kura na mtihani wa kusoma, masharti ya kupiga kura yasiyotaja rangi, 1965 inakuja Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Ya 14: 1868 ulinzi sawa wa sheria kwa wote, 1896 kesi ya Plessy, Mahakama Kuu ilipokubali ubaguzi wa "kutengwa lakini sawa", 1954 kesi ya Brown, ilipokataza ubaguzi huo shuleni. Maswali mengi ya insha huuliza kwa nini haki iliyokuwepo haikufanya kazi, na hapo pengo la miaka 75 kwenye ya 15, kutoka 1890 hadi 1965, unaliona kwa macho. Ya 13 itakusumbua kidogo, maana mwanya umo ndani ya maneno yake yenyewe: utumwa umekatazwa isipokuwa kama adhabu ya uhalifu. Ndiyo maana wafungwa walikodishwa mashambani na migodini. Kwa maswali ya uchumi, jedwali hili halikufikishi mbali: mkulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, aliyefungwa na deni la dukani, hutamkuta kwenye safu yoyote.