Metro ya Dubai kwa anayeenda kufunga mzigo mara ya kwanza

Mnaoenda Dubai kufunga mzigo kwa mara ya kwanza, hela ya teksi ya kutoka eapoti tunzeni, mtaihitaji mbele. Ukienda na Emirates utashukia Terminal 3 na stesheni ya metro iko palepale, Terminal 1 nayo ina ya kwake, ila ukitua Terminal 2 hapo metro hamna, ni basi au teksi tu.

Kwanza kabisa kadi. Inaitwa nol, na wa Dar mliozoea kadi ya mwendokasi hamtapata shida. Ipo tiketi nyekundu ya karatasi ya dirham 2, unaipakia safari unazotaka, lakini kila safari inakula dirham moja zaidi, kwa hiyo kama unakaa siku tatu nne chukua Silver, ni dirham 25 na ndani tayari kuna salio la 19. Nauli yake ni 3 ukizunguka ndani ya zoni moja, 5 zoni mbili zinazopakana, zaidi ya hapo 7.5. Na rangi ya kadi haihusiani kabisa na rangi ya laini, usije ukakataa kupanda laini ya kijani eti una tiketi nyekundu (nimeshaona mtu anabishana kwa hilo). Unagusisha kadi kuingia na unagusisha tena kutoka.

Sasa laini. Zipo mbili, Red Line iliyoanza 2009 na Green Line ya 2011, na zinakutana sehemu mbili, Union na BurJuman. Siri ni kujua jina la stesheni ya mwisho ya upande unaokwenda, maana ndilo linaloandikwa kwenye vibao. Ukiwa Terminal 3 usipande ya kwenda Centrepoint, hiyo inakutoa mjini, mimi nilipanda hiyo na mabegi yangu nikashtuka treni imefika mwisho watu wote wanashuka, dereva wa kumuuliza hamna kwa sababu treni zinajiendesha zenyewe. Panda ya upande wa pili, hesabu stesheni tano, ya tano ni Union. Hapo unashuka, unafuata alama za kijani, unapanda ya kwenda Creek, na stesheni ya kwanza tu ni Baniyas Square, ya pili Gold Souq, ya tatu Al Ras, yaani Deira yote ya maduka ya jumla iko hapo. Ukiona umefika Al Ghubaiba ujue umeshapita chini ya maji, uko ng'ambo Bur Dubai, geuza.

Kwa wanaotaka kupiga picha Burj Khalifa, baki Red Line hadi stesheni yenye jina hilohilo, ila kutoka hapo hadi Dubai Mall kuna daraja refu la kutembea, lina kiyoyozi na mikanda inayokusogeza, lakini viatu virefu acha hotelini.

Kabla hujaingia ndani angalia alama mlangoni na chini. Kuna behewa la wanawake na watoto, mwanaume ukiingia humo ni faini dirham 100, halafu kuna behewa la Gold, yaani la daraja la juu, nauli yake ni mara mbili na Silver yako huko haifanyi kazi. Kula, kunywa hata maji, kutafuna bigijii, vyote faini. Jumapili treni zinaanza saa mbili asubuhi, siku nyingine saa kumi na moja alfajiri.

Mzigo ndo usijidanganye. Unaruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo, basi, kwa hiyo metro ni ya kuzungukia maduka na kuulizia bei, marobota yako malizana na watu wa kago hukohuko Deira.

Na wale wa Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za China, huko treni haifiki bado, laini ya bluu itakayopita upande huo inajengwa na imepangwa kufunguliwa 2029. Kwa sasa shuka Centrepoint (ndiyo, ileile niliyopotelea), unga basi, kadi ni hiyohiyo, na kwenye basi pia ukishuka unagusisha.