Kabla ya Kusafisha Rejeta ya Minivani: Mambo ya Kuzingatia

Gari likianza kuchemsha, wengi hukimbilia kumwaga maji ya rejeta na kujaza mengine. Ni kazi nzuri, ila inatibu kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) iliyochoka na njia za maji zilizojaa kutu na ukoko wa chokaa, basi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiridhishe kwamba hilo ndilo tatizo lako. Injini ikiwa baridi, vuta kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia ndani, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, kisha iwashe. Mapovu yasiyokoma maana yake gesi za silinda zinavuja kwenye maji. Ukiona dalili hizo, mpelekee fundi. Kulanti mpya utakuwa umeimwaga bure. Na gari linalochemsha kwenye foleni tu, likashika mwendo likapoa, kagua feni kwanza.

Minivani ina jambo lake ambalo wazoefu wa magari madogo hulisahau. Nyingi zina hita mbili, moja mbele na nyingine nyuma kwa ajili ya abiria, na maji ya ile ya nyuma hupita kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Ukifungua koki ya rejeta peke yake, sehemu kubwa ya maji machafu hubaki kwenye injini na kwenye mabomba hayo. Kwa hiyo tafuta kwenye kitabu cha gari ujazo wa mfumo mzima, na uangalie kama kimetenganisha gari lenye hita ya nyuma na lisilo nayo. Ukiwa na kitabu mkononi, ingia chini ukague mabomba yenyewe, hasa pale chuma kinapoungana na mpira. Kutu ikiwa imekula, badilisha sasa, maana maji ya kusafishia yatamalizia tundu ambalo kutu imeanza.

Ujazo huo ndio utakaokuongoza kwenye mchanganyiko, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Chukua mfumo wa lita 12. Umesuuza mpaka maji yanatoka meupe, ukamwaga, zikatoka lita 7. Lita 5 za maji matupu bado zimo ndani. Ukijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, utaishia na mchanganyiko mwepesi, chini ya asilimia 30. Nunua kulanti kavu, isiyochanganywa: mimina lita 6 kwanza, kisha lita 1 ya maji, na hapo una nusu kwa nusu ya kweli. Ndiyo maana beseni la kukingia liwe kubwa, na uwe na chombo chenye alama za lita. Bila kupima kilichotoka, unabahatisha.

Kuhusu aina ya kulanti, usiifuate rangi. Kijani, nyekundu na waridi ni uamuzi wa kiwanda, si kipimo. Soma kiwango kinachotajwa kwenye kitabu ukilinganishe na maandishi ya galoni. Aina zisizopatana zikichanganyika, dawa zake za kuzuia kutu hudhoofika, na wakati mwingine hufanya tope. Maji yawe yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi. Ya bomba yanafaa kusuuzia, lakini ya kubaki ndani yasiwe hayo, kwani chumvi zake ndizo zinazoganda kuwa ule ukoko unaoukimbia.

Vipuri si vingi: thamostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) na gasketi yake, kifuniko kipya cha rejeta, na mipira yoyote iliyovimba au inayobonyea kama sponji. Kifuniko hudharauliwa kwa sababu ni cha bei ndogo, lakini ndicho kinachoshikilia presha, na presha ndiyo inayopandisha kiwango cha joto ambacho maji huanza kuchemka. Mpira wake wa ndani ukipasuka, kulanti nzuri kiasi gani haitakuokoa.

Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Na kulanti ya etilini glaikoli ni sumu yenye utamu: mbwa huilamba, mtoto anaweza kuionja, na kiasi kidogo kinaweza kuua. Andaa mapema madumu yenye vifuniko na alama ya sumu, na ujue utaipeleka wapi, kwa sababu mtaroni si mahali pake.

Lililobaki ni muda. Kazi hii usiipange usiku wa kuamkia safari. Hewa itanasa, na kwenye hita ya nyuma hunasa zaidi, kwa hiyo itabidi uinue pua ya gari, ufungue hita zote mbili kwenye joto la juu na uiache injini ingurume mpaka thamostati ifunguke. Hita ya nyuma ikipuliza baridi wakati ya mbele inaunguza, hewa bado imo. Tenga siku nyingine mbili tatu za mizunguko ya karibu, ukiwa na galoni ya mchanganyiko uleule ndani ya gari, na kila asubuhi uangalie kiwango kwenye chupa ya akiba kabla ya kuwasha.