Jinsi ya kuomba dhamana Kenya, kuanzia kituoni hadi kurudishiwa pesa

Mtu wako akikamatwa, anzia kwenye dawati la OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Chukua nambari ya OB, kosa analoshukiwa na jina la afisa anayechunguza. Bila nambari hiyo utazungushwa kutwa nzima. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili.

Kwa makosa madogo, muulize OCS, yaani mkuu wa kituo, kuhusu bondi ya polisi. Hiyo ni karatasi ya ahadi ya kufika mahakamani. Hailipiwi hata shilingi. Akitaka pesa taslimu, dai risiti rasmi yenye kiasi na tarehe ya kufika kortini. Pesa isiyo na risiti hairudi.

Asipoachiliwa, lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, polisi wana muda hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni basi hulala ndani hadi Jumatatu, na Wakenya hawakubuni jina la "Kamata Kamata Friday" bure.

Mbele ya hakimu, akishakana mashtaka, aombe dhamana yeye mwenyewe au kupitia wakili. Hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuomba, ila huyo huomba Mahakama Kuu. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuonyesha sababu nzito za kumnyima, kama vile kutoroka au kuvuruga mashahidi. Mshtakiwa ataje anapoishi, kazi yake na wanaomtegemea. "Naomba masharti nafuu" peke yake haina uzito. Kiasi kikimshinda, aombe kipunguzwe hapo hapo, au aende Mahakama Kuu.

Dhamana ya pesa taslimu ni nyepesi: unalipia mahakama, unapewa risiti. Bondi yenye mdhamini ndiyo hukwama. Mdhamini aje na kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), picha za pasipoti, na hatimiliki pamoja na matokeo mapya ya upekuzi wa ardhi (uthibitisho wa mwenye shamba kwenye rekodi za ardhi) na ripoti ya thamani, au logbuku ya gari. Mara nyingi hati huwa bado kwa jina la babu aliyefariki, shamba limewekwa rehani benki, au jina kwenye hati ni "Wanjiku" na kitambulisho kinasema "Wanjiko". Herufi moja tu, na faili linarudishwa. Kisha mdhamini huhojiwa: anamjua mshtakiwa vipi, anaishi wapi, anaelewa kwamba mshtakiwa akitoroka mali yake mdhamini itakwenda? Anayebabaika hapo hukataliwa. Hadi makaratasi yapite, mshtakiwa yuko rumande.

Kesi ikiisha, pesa hurudishwa hata kama amepatikana na hatia, mradi hakukwepa korti. Hulipwa aliyetajwa kwenye risiti, kwa hiyo hakikisha tangu mwanzo imeandikwa jina la mwenye pesa, na utunze ile halisi, si fotokopi.