Sarufi ya Kitalishi: anza na -i, -də na -ş

Kitalishi husemwa kwenye ukanda mwembamba wa milima na mashamba ya mpunga, kusini-magharibi mwa Bahari ya Kaspi. Upande wa Azabajani kuna Lankaran, Astara, Lerik na Masally. Upande wa Iran kuna Astara ya pili, ng'ambo ya mpaka, kisha Talesh, Masal na Masuleh. Wengi wanaojifunza lugha hii wamepitia Kiajemi au Kiazeri kwanza, na hapo ndipo wanapokwama. Wanaichukulia kama Kiajemi cha kijijini, wanabadilisha maneno tu, kisha wanashangaa kwamba kila sentensi ya wakati uliopita inawatoka kinyume. Kitalishi si Kiajemi kilichoharibika. Ni ndugu wa Kitati (kile cha Iran, si kile cha Azabajani) na Kikurdi katika tawi la kaskazini-magharibi la lugha za Kiirani, na sarufi yake inashikiliwa na viambishi vichache vidogo. Ukivijua vitatu kati ya hivyo vizuri, vingine vitakuja vyenyewe.

Chagua lahaja kabla ya kushika daftari. Ziko tatu kubwa: ya kaskazini (Azabajani na ng'ambo kidogo ya mpaka), ya kati na ya kusini. Mikataba ya Gulistan (1813) na Turkmenchay (1828) iliigawa nchi ya Watalishi kati ya Urusi na Uajemi, na tangu hapo kaskazini imekuwa ikiazima maneno kwa Kirusi na Kiazeri, kusini kwa Kiajemi na Kigilaki, lugha ya majirani wa pwani ya Kaspi. Ukichanganya daftari la Lankaran na mazungumzo ya Masal, utapata lugha isiyosemwa na mtu yeyote. Mifano yote hapa ni ya kaskazini, iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Hata kama lengo lako ni kusini, anza kusoma kwa herufi hizi, kwa sababu herufi za Kiarabu zinazotumika Iran kwa kawaida haziandiki irabu fupi, na viambishi vingi vya Kitalishi vimejificha ndani ya irabu hizohizo.

Kwenye simu weka kibodi ya Kiazeri. Ina ə, ı, ş, ç na ğ zote. Usiandike e mahali pa ə kwa uvivu, maana utatafuta neno na usilipate. Mswahili ana faida hapa: ş ni sh ya shamba, ç ni ch ya chai, c ni j ya jina, x ni kh ya kheri, ğ ni gh ya ghali. Sauti mbili ndizo zinazotaka mazoezi. Herufi ə ni a iliyobanwa mbele, midomo ikiwa imetanuka kando. Herufi ı ni irabu fupi ya katikati, isiyo e wala u. Tamka "mtu" polepole mno mpaka kairabu kadogo kachomoze kati ya m na t; umeikaribia. Jihadhari pia na mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kitalishi mara nyingi hukaza ya mwisho wa neno, na viambishi vya nafsi vinavyogandishwa baada yake havikazwi.

Sasa kiambishi cha kwanza, -i. Nomino ya Kitalishi haina jinsia wala ngeli. Əv ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Ina maumbo mawili ya msingi: umbo tupu, na umbo lenye -i. Katika wakati uliopo, -i hukaa kwenye kitu kinachotendwa, mradi kitu hicho kinajulikana:

əz kitob handedəm: nasoma kitabu (kitabu chochote)
əz kitobi handedəm: nakisoma kitabu (kile tunachokijua)

Msomaji wa Kiswahili asihangaike kutafuta maelezo marefu. Tofauti hiyo ndiyo tunayoifanya sisi tukiweka -ki- ndani ya kitenzi. Majirani nao wanaifanya: Kiazeri kwa -ı au -i mwishoni mwa nomino, Kiajemi kwa râ. Kwa hiyo hadi hapa mwanafunzi aliyetoka Kiajemi anaona raha.

Raha hiyo huisha mara tu kitenzi elekezi, yaani chenye kitu kinachotendwa, kikiingia wakati uliopita. Kiambishi kilekile -i kinahamia kwa mtenda, na kitu kinachotendwa kinabaki kitupu:

Həsən kitobi handedə: Həsən anakisoma kitabu
Həsəni kitob handışe: Həsən alisoma kitabu

Soma mistari hiyo miwili kwa sauti mara kumi. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuandika "Həsən kitobi handışe", kwa kuwa mwanafunzi amekariri kwamba -i ni alama ya mtendwa. Sivyo. Kazi yake inategemea njeo, yaani wakati wa kitenzi. Ukikutana na nomino yenye -i katika matini, usiitafsiri bado. Tazama kwanza mwisho wa kitenzi, ujue ni wakati gani, ndipo uamue nani alimtenda nani.

Viwakilishi hufuata mkondo huo. Əz ni mimi ninayeenda au ninayesoma sasa. Mı ni mimi niliyesoma jana. Ndiyo maana tunasema əz şedəm (naenda) lakini mı votıme (nilisema). Vitenzi visivyo elekezi, kama kwenda, havibadiliki hivyo: hata wakati uliopita mtenda hubaki tupu, əz şim, nilikwenda.

Mgeuko huu ndio unaoonyesha Kitalishi kimesimama wapi kati ya majirani. Kiajemi cha Kati kilikuwa nao, Kiajemi cha leo kimeuacha. Kigilaki, ambacho kwa maneno kinafanana sana na Kitalishi cha kusini, hakinao. Kiazeri, kwa kuwa ni lugha ya Kituruki, hakijawahi kuwa nao. Kitati kinao, Kikurdi cha kaskazini kinao, na hata kiwakilishi wameshikilia kile cha zamani: Mkurdi wa kaskazini husema ez kwa mimi, Mtalishi əz, ilhali Mwajemi husema man. Maneno ya kila siku nayo yanatoa ushahidi. Kujua ni zın- kwa Mtalishi na dân- kwa Mwajemi. Mkwe wa kiume ni zoma na dâmâd. Upepo ni vo na bâd. Ulimi, au lugha, ni zıvon na zabân. Andika jozi hizi ukutani. Z mahali pa d, v mahali pa b, o mahali pa â: ukiyashika mabadiliko hayo matatu, utaweza kukisia maneno mengi kutoka Kiajemi. Kisia, lakini hakikisha, kwa maana neno lililoazimwa karibuni halipitii njia hizo.

Kiambishi cha pili ni -də, na hiki ni kitamu kukifundisha kwa Waswahili. Maana yake ya msingi ni "ndani ya". Kə ni nyumba, kədə ni ndani ya nyumba, kədəm ni nimo nyumbani. Sasa chukua kitenzi katika umbo la "ku-": şe, kwenda. Kigandishe -də, kisha nafsi: şedəm. Neno kwa neno, nimo katika kwenda. Kwa hiyo wakati uliopo mzima wa lahaja ya kaskazini ni sentensi ya mahali:

şedəm, şedəş, şedə (naenda, unaenda, anaenda)
şedəmon, şedəon, şedən (twaenda, mwaenda, wanaenda)

Kukanusha, ingiza -ni kabla ya nafsi: zınedəm, najua, zınedənim, sijui. Kariri neno hilo la mwisho mapema, utalihitaji.

Kiazeri kina muundo huohuo, getməkdəyəm, nimo katika kwenda, na -də yake pia ni ya mahali. Wapo wanaohitimisha haraka kwamba Kitalishi kimeazima. Kuweni waangalifu: Kigilaki, ambacho ni cha Kiirani, nacho hueleza tendo linaloendelea kwa jina la kitenzi likifuatwa na kitenzi cha "kuwamo". Njia hii ya kusema imeenea pwani nzima ya Kaspi, na lugha zilizoishi pamoja karne nyingi hutiana nguvu katika jambo ambalo kila moja ilikuwa na mbegu yake. Kwa mwanafunzi la muhimu ni hili: -də ya kitenzi haipelekwi lahaja za kati na kusini, ambazo hujenga wakati uliopo kwa njia nyingine. Ukiisikia -də kwenye kitenzi, upo kaskazini.

Cha tatu ni -ş, na hapa wanafunzi hodari huanguka. Kitalishi kina seti mbili za nafsi. Ya kwanza hutumika kwa wakati uliopo na kwa vitenzi visivyo elekezi: -m, -ş, kisha bila kitu au -e kwa yeye. Ya pili hutumika kwa vitenzi elekezi vya wakati uliopita, na humo -ş ni ya yeye:

şedəş: unaenda
votışe: alisema

Herufi ileile, nafsi mbili. Anayekariri "-ş ni wewe" atasoma hadithi nzima ya watu wengine akidhani anaambiwa yeye. Dawa ni kutokariri -ş peke yake kamwe. Kariri şedəş na votışe kama jozi. Ongeza votıme (nilisema), votımone (tulisema) na votışone (walisema). Nafsi ya pili umoja katika seti hii ya pili ni -r kusini, iliyotoka kwa -t ya zamani. Kaskazini imelika hadi kubaki irabu tu.

Seti hii ya pili ina tabia moja zaidi: haitulii. Inaweza kuruka kutoka kwenye kitenzi ikakaa kwenye neno linalokitangulia, ukapata kitobış hande badala ya kitob handışe. Usilichukue neno kitobış kuwa "kitabu chake". Ukiona nomino yenye -ş mbele ya kitenzi elekezi cha zamani kisicho na nafsi, nafsi hiyo ni ya kitenzi, imehamia tu.

Mpangilio wa maneno unahitaji siku moja. Kitenzi huja mwisho, kama kwa majirani wote. Sifa na mwenye mali hutangulia: yolə kə, nyumba kubwa, çokə odam, mtu mzuri, Həsəni kə, nyumba ya Həsən, na -i hiyo ni yetu ileile. Hiyo -ə ya yolə na çokə ni kiungo cha lazima. Kigilaki kinapanga hivyohivyo, Kiazeri kinatanguliza sifa lakini bila kiungo, Kiajemi kinageuza: xâne-ye bozorg. Mtu wa Kiajemi atajaribiwa kuleta muundo wake, asiulete.

Mali ya viwakilishi ina maumbo yake: çımı kə nyumba yangu, ıştı kə yako, çəy kə yake. Ç- hiyo ni mabaki ya neno la kale lenye maana ya "kutoka". Ukisema mı kə kwa kufuata Kigilaki, ambacho husema mi, utaeleweka, lakini umekosea. Wingi ni -on: odam mtu, odamon watu. Baada ya namba, nomino hubaki umoja, se odam, watu watatu; hapo mazoea ya Kiswahili yanatudanganya.

Kwa mazoezi, chukua vitenzi vinne: şe (kwenda), vote (kusema), hande (kusoma), harde (kula). Kwa kila kimoja andika sentensi tatu za sasa na tatu za zamani, zenye mtenda nomino na mtenda kiwakilishi. Ni sentensi 24. Kisha pigia mstari kila -i na kila -ş, na pembeni andika kazi yake. Pasipo kazi ya kuandika pembeni, sentensi hiyo ina kosa. Irudie kabla ya kuongeza kitenzi cha tano.