Kati ya Ngapi? Namna ya Kuielewa Michezo ya Timu kwa Takwimu

Anayetaka kuuelewa mchezo wa timu kwa takwimu na aanze na swali kabla ya kushika jedwali lolote. Siku hizi namba ni tele: pasi, kona, mashuti, umiliki wa mpira, kilomita alizokimbia kila mchezaji. Ukizimimina zote katika kompyuta bila kujua unachokitafuta, hutakosa kuona vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja kwa nasibu tu. Liandike swali lako kwa sentensi moja, kwa mfano: je, timu iliyomaliza katika nafasi ya 5 msimu huu ina uwezo wa kubaki hapo msimu ujao? Kisha kila namba utakayokutana nayo iulize: kati ya ngapi?

Swali hilo la pili ndilo lililoupotosha uchambuzi wa soka kwa miaka mingi pale lilipokosa kuulizwa. Charles Reep, aliyekuwa mhasibu katika Jeshi la Anga la Uingereza, alianza mwaka 1950 kuandika kwa mkono matukio ya mechi alizozitazama, na mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin walichapisha matokeo ya kazi hiyo katika jarida la kitaaluma la takwimu. Ilionekana kwamba takriban asilimia 80 ya mabao yalitokana na pasi tatu au pungufu, na kutokana na hilo wapo walioamini kwamba mpira hauna budi kupigwa mbele haraka, kwa mipira mirefu. Lakini data hizo hizo zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yaliishia kwenye pasi tatu au pungufu. Tuchukue mfano wa mashambulizi 1,000 yaliyoleta mabao 10: mafupi 900 yakitoa mabao 8, ni bao moja kwa kila mashambulizi 112 hivi, ya pasi nyingi 100 yakitoa mabao 2, ni bao moja kwa kila 50. Hesabu ni ile ile, ila hitimisho limegeuka kabisa. Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili, kwa sababu timu inayoweza kupiga pasi nne na zaidi pengine ni timu bora tangu mwanzo, na ubora huo ndio unaoleta mabao.

Namba zako zipange katika lahajedwali, mstari mmoja kwa kila timu katika kila mechi: tarehe, mpinzani, nyumbani au ugenini, mabao ya kufunga na ya kufungwa, mashuti, kadi nyekundu. Kabla ya kukokotoa chochote, jumlisha mabao yote ya kufunga na yote ya kufungwa katika ligi nzima. Jumla hizo mbili lazima zilingane. Zisipolingana, kuna mstari uliokosewa, na kuutafuta sasa ni kazi ya dakika chache tu.

Sasa turudi kwenye lile swali la nafasi ya 5. Msimu wa 2011–12 katika Ligi Kuu ya Uingereza, Newcastle United ilimaliza ya 5 kwa pointi 65, huku ikifunga mabao 56 na kufungwa 51. Liverpool ilifunga 47 na kufungwa 40, yaani tofauti yake ya mabao ilikuwa nzuri zaidi, lakini ilipata pointi 52 na kumaliza ya 8. Timu inayokusanya pointi nyingi kwa tofauti ndogo ya mabao aghalabu imeshinda mechi nyingi kwa bao moja, na ushindi wa namna hiyo haujirudii kwa urahisi. Msimu uliofuata Newcastle ilishuka hadi nafasi ya 16 kwa pointi 41.

Mfano huu unavutia, na ndiyo maana ninasisitiza uchunguzwe zaidi. Katika msimu ule wa kwanza Newcastle ilifungwa 5–0 na Tottenham, 5–2 na Fulham na 4–0 na Wigan. Mechi tatu tu ziliipunguzia tofauti yake kwa mabao 12. Tena, msimu uliofuata ilibeba mzigo wa mechi za Ligi ya Europa. Kwa hiyo tofauti ya mabao inakupa sababu ya kutilia shaka nafasi ya timu, lakini haikuambii peke yake kilichotokea.

Ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya matukio uliyoyahesabu, nao una hesabu yake. Mchezaji wa mpira wa kikapu aliyefunga asilimia 36 ya mitupo 50 ya pointi tatu: zidisha 0.36 kwa 0.64, gawanya kwa 50, kisha tafuta kipeuo cha pili. Utapata 0.068 hivi. Kwenye 0.36 ongeza na upunguze mara mbili ya kiasi hicho, utaona kwamba uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya asilimia 22 na 50, pengo linalomweka pamoja na wachezaji dhaifu na walio hodari kabisa. Kwa mitupo 500 pengo hilo linabaki pointi nne hivi za asilimia kila upande.

Mashuti nayo hayalingani. Penalti hufungwa zaidi ya mara saba katika kumi, ilhali shuti la mbali huingia mara chache sana. Kipimo cha mabao yanayotarajiwa hulipatia kila shuti uzito kulingana na uwezekano wake. Kumbuka pia kwamba timu inayoongoza mara nyingi hurudi nyuma na kumwachia mpinzani mpira, hivyo tenganisha dakika za kuongoza na za sare.

Hatimaye lijaribu wazo lako kwa mechi ambazo hukuzitumia kulijenga. Katika ligi ya timu 20, chukua mechi 19 za kwanza za kila timu, andika pointi na tofauti ya mabao, kisha uangalie ni kipi kati ya hivyo viwili kinachokaribia zaidi pointi za mechi 19 zilizobaki. Rudia kwa misimu kadhaa, kwa kuwa msimu mmoja una timu 20 tu.