Kabla hujaongezewa dawa ya presha, fanya haya

Usisubiri kichwa kiume ndipo ukapime presha. Wengi wanatembea na 160 kwa 100 wakijiona wazima, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiumia taratibu. Kama ni mtu mzima na hujui namba zako, kapime wiki hii.

Ukienda, kojoa kwanza. Kahawa na sigara viache nusu saa kabla. Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi ya mkono, si juu ya shati. Pima mara mbili, andika zote. Ikijirudia 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, hapo una presha, usijidanganye kwamba ni uchovu.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu ile iliyofichwa kwenye vyakula vya pakiti. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Sigara acha, pombe punguza, kitambi nacho kipungue. Hayo umeshayasikia.

Ambalo huenda hujasikia ni hili: kagua kila dawa unayomeza, hata zile usizoziita dawa. Mama yangu alikuwa akitumia vidonge viwili vya presha, havikosi hata siku moja, na bado mashine ilisoma 170 na kitu. Akaongezewa cha tatu. Mimi nikaamini anatia chumvi kwa siri. Nilimfokea, nikamwondolea kopo la chumvi jikoni, naye akanyamaza tu. Miezi ikapita hivyo, mpaka muuguzi mmoja alipomwambia, "Mama, kesho njoo na kila unachomeza, kitie mfukoni chote." Ndani ya ule mfuko kulikuwa na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Alikuwa anainunua mwenyewe kwa ajili ya magoti, asubuhi na jioni, karibu mwaka mzima. Hakuificha, hakuna aliyemuuliza, na kwake dawa ya magoti haikuhusiana na presha.

Inahusiana sana. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hudhoofisha baadhi ya dawa za presha, na huumiza figo. Daktari alimwachisha, akampa parasetamoli na mazoezi ya magoti. Baada ya wiki chache presha ikashuka. Figo, kwa bahati mbaya, zilikuwa zimeshaguswa, na mpaka leo anapimwa damu mara kwa mara. Kopo la chumvi nilimrudishia, nikamwomba radhi.

Kwa hiyo beba mfuko. Tia humo dawa za mafua zinazozibua pua, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za mitishamba, vyote. Usiache dawa ya presha kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Zimekuwa nzuri kwa sababu unaimeza. Usiazime vidonge vya jirani. Na mashine ikisoma 180 kwa 120 huku kifua kinabana, pumzi inakata, mdomo umepinda au mkono umelegea, usikae kupima tena. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na mwenye gari akuendeshe, usiendeshe mwenyewe.