Somo: Jinsi ya kuanzisha barua kati ya vijana na wazee wapweke

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo nitalirudia mpaka mnichoke: barua ya kwanza haimtoi mtu upwekeni. Darasa zima linachora kadi, kadi zinapelekwa kwa wazee, picha zinapigwa, halafu kimya. Mzee amefurahi, sawa, lakini juma linalofuata hakuna anayengoja neno lake. Kinachosaidia ni kujua kwamba kuna mtu aliyekuuliza swali na bado hajapata jibu. Kwa hiyo mpango huu wote umepangwa kwa ajili ya barua ya pili, ya tatu na ya kumi.

Tena tusichanganye upweke na kuishi peke yako. Kuna bibi anayeishi na watoto na wajukuu, nyumba imejaa, ila anaongeleshwa kuhusu dawa na chakula tu. Huyo naye anatuhusu. Wala tusidhani vijana wanakuja kutoa sadaka. Tume ya Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2025, ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kundi lililoongoza ni vijana wadogo, si wazee.

Hatua ya 1: Anza na wazee, vijana baadaye

Vijana hupatikana haraka. Wazee ndio wa kuwaendea mmoja mmoja, na uwaulize wao wenyewe, si mtoto wao wala mhudumu akiwajibia. Uliza: Ungependa kuandikiwa? Unaona vizuri? Mkono unashika kalamu, au kuna wa kukuandikia? Lugha gani? Kuna jambo usingependa kuulizwa? Swali hili la mwisho msiliruke, kwa sababu mtu aliyezika mtoto hataki kuanza na "una watoto wangapi". Anayekataa, mwache kwa heshima.

Chukua wazee wachache kuliko unavyotamani, na uwe na vijana wa akiba. Kijana akihama au akichoka, mzee asikae bila barua.

Hatua ya 2: Anwani moja, daftari moja

Barua zote zipitie kwa mratibu, kwa anwani ya shule, kituo au jumuiya. Waandikaji watumie jina la kwanza tu. Hakuna namba ya simu, hakuna anwani ya nyumbani, hakuna fedha kwenda wala kurudi. Kijana aliye chini ya miaka 18 awe na kibali cha mzazi. Kama mratibu atasoma barua kabla hazijatumwa, na mwanzoni ni vizuri asome, pande zote mbili ziambiwe wazi. Daftari lioneshe tarehe barua ilipoingia na ilipotoka, ili uone mapema jozi inayolegea.

Hatua ya 3: Oanisha kwa kazi na mambo anayoyapenda mtu

Umri na jinsia havisaidii sana. Fundi redio mstaafu mpe kijana anayefungua kila kifaa cha nyumbani. Aliyekuwa mshonaji mpe binti anayetaka kujua cherehani. Mzee mwenye kitu cha kufundisha huandika barua ndefu bila kusukumwa.

Hatua ya 4: Barua ya kwanza

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza macho. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri mtu anavyozeeka, na wino wa bluu hafifu humpotea. Tumia wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa, herufi kubwa, mistari iliyoachana, upande mmoja tu wa karatasi. Ukichapa kwa kompyuta, ukubwa wa herufi usipungue 16. Madoido ya rangi yakae pembeni, si nyuma ya maneno.

Pili maneno. Mtindo wa shuleni wa "madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali" uacheni, unamaliza karatasi kabla hamjasema lolote. Usiandike "nimesikia uko mpweke". Hakuna anayependa kuhurumiwa na mtoto asiyemjua. Weka mambo matatu tu: kitu kidogo kilichokutokea juma hili, swali ambalo mzee huyo ndiye anayeweza kulijibu, na habari ambayo haijaisha.

Kuhusu swali: watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima wengi hukumbuka kwa uwazi zaidi miaka yao ya kati ya 10 na 30. Basi ulizia hapo, na ulizia kitu kimoja. "Maisha ya zamani yalikuwaje?" ni swali la kuchosha, hata mimi sijui ningeanzia wapi. Jaribu hivi:

*Shikamoo bibi. Nina miaka 16. Nimeambiwa ulikuwa mshonaji. Juzi nilibadilisha zipu ya begi langu la shule. Sasa linafungwa vizuri ila halifunguki. Zipu ya kwanza kabisa uliyotia wewe ilikuwa kwenye nguo ya nani, na mwenyewe alisemaje? Nimeanza kushona kitu kingine kwa vitambaa vilivyobaki. Sikitaji kwa sasa, nitakwambia barua ijayo kama kimefaa au kimetupwa.*

Fupi, na inadai jibu.

Hatua ya 5: Ratiba

Chagueni tarehe moja kila mwezi, au mbili kama mnaziweza hata wakati wa mitihani. Kijana aandike tarehe hiyo ikifika, jibu liwe limekuja au halijaja. Mzee anaweza kuwa mgonjwa, au mkono umekataa, na kimya chake kisigeuke kuwa adhabu. Barua fupi inayofika siku yake inashinda ndefu inayofika mwezi usiojulikana.

Hatua ya 6: Mrahisishie mzee kujibu

Ndani ya kila bahasha weka karatasi tupu na bahasha ya jibu yenye stempu na anwani. Mzee akisema na mhudumu akaandika, maneno yaandikwe kama yalivyotoka mdomoni. Mhudumu asisafishe wala asifupishe. Utani na malalamiko ni sehemu ya barua.

Hatua ya 7: Kuaga

Mwanzoni semeni mpango ni wa muda gani. Anayetoka aandike barua ya kuaga na, ikiwezekana, amtaje atakayempokea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee wangu hakusoma shule. Nimwache?

Usimwache hata kidogo. Asomewe kwa sauti, naye aseme, mtu aandike. Kijana anaweza kuongeza mchoro au picha. Wengine hurekodi sauti, ni sawa, ila karatasi nayo iende: mzee ataitoa mfukoni na kumpa kila mgeni amsomee, na tayari amepata mazungumzo mengine.

Kwa nini tusipige simu tu? Dunia imebadilika, jamani.

Imebadilika, ndiyo, na mzee anayependa simu apigiwe. Ila usikivu wa uzeeni hupotea kuanzia sauti nyembamba, kwa hiyo wengi husikia kwamba unaongea lakini maneno hayashikiki, tena kwenye simu hawaoni midomo yako. Wanaishia kusema "ndiyo, ndiyo". Barua haimharakishi, na anaweza kuirudia mara anazotaka.

Mimi ni mwalimu. Babu mmoja amemwandikia mwanafunzi wangu kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi. Kijana ameogopa.

Mwalimu, barua hiyo usiiache mikononi mwa kijana, na usingoje kesho. Leo hii mjulishe anayemhudumia babu, aende akamwone ana kwa ana na kumhusisha mtu wa afya. Kaa na kijana, mweleze kwamba amefanya vyema kuionyesha na kwamba si mzigo wake. Barua ya mwezi ujao iende kama kawaida, kijana akitaka, na asianze kumhubiria mzee.

Bibi anayeandikiana na binti yangu ana tatizo la kusahau. Kila barua anauliza binti anasoma darasa la ngapi.

Ajibiwe kila mara kama vile ndiyo mara ya kwanza. Kila barua ianze na utambulisho mfupi na picha ya binti iliyoandikwa jina nyuma. Neno la kuepuka ni "unakumbuka?", maana linamtahini mtu. Badala yake amsimulie: "Uliniambia ulikuwa ukiimba kwaya." Akikumbuka ataendeleza, asipokumbuka amepata habari njema kuhusu yeye mwenyewe.

Mzee akifariki katikati ya mpango?

Kijana aambiwe kwa mdomo na mtu anayemfahamu, si kwa ujumbe. Kama familia inaridhia, aandike barua ya pole. Mara nyingi ana habari za marehemu ambazo watoto wake hawakuwahi kuzisikia. Msimpe mzee mwingine mpaka aombe mwenyewe.

Tuzindue tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee?

Tarehe nzuri kwa hotuba. Ningeanza miezi miwili mapema, ili siku hiyo ikifika watu wawe wanasubiriana majibu, wasije kwa ajili ya picha.

Yupo mzee asiyeona lakini anasoma nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole. Gharama ya kutuma maandishi yale mazito itakuwaje?

Chini ya mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, maandishi ya wasioona yana msamaha wa ada ya posta, ingawa usafiri wa ndege unaweza kutozwa. Uliza kaunta ya posta kabla ya kubandika stempu, na usiifunge bahasha kwa gundi, maana huenda wakataka kuikagua.